CRP ya mama ni 112: je, namba hii inatuambia ugonjwa ni mkali kiasi gani?

SWALI

Daktari, salamu kutoka mtaa wa Umoja. Mama yangu ana miaka 61 na amelazwa tangu Jumatatu katika hospitali moja hapa Nairobi. Alianza na homa na kikohozi, tukadhani ni baridi ya Julai tu, lakini siku ya tano akawa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta. Kipimo cha puani kilionyesha influenza A, na picha ya kifua ikaonyesha nimonia pande zote mbili. Anatumia oksijeni ya mipira ya puani. Alianza na lita nne, leo Ijumaa wamempunguzia hadi mbili, na kile kifaa cha kidoleni kinasoma 93.

Kinachotunyima usingizi ni karatasi za maabara. CRP ilikuwa 84 Jumatatu, 138 Jumatano, na leo ni 112. Seli nyeupe za damu ni 7.8, na kati ya hizo nyutrofili ni asilimia 84, limfosaiti asilimia 9. Feritini ni 640. D-dimeri imewekewa nyota. Jirani yetu wa jumuiya alifariki kwa Korona mwaka 2021, na familia yake husema CRP yake ilikuwa 14 tu. Ya mama ni mara nane ya hiyo! Kaka yangu anataka tununue deksa kwenye kemisti tumpelekee mama, kwa kuwa ndiyo iliyookoa watu wakati wa Korona. Tena kuna maabara inayotushauri tulipie kifurushi cha vipimo vya kinga, IL-6 ikiwemo. Tufuate lipi?

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Habari kubwa kuliko zote katika barua yako umeiandika kwa haraka ukaipita: mama aliingia na lita nne za oksijeni, leo anatosheka na mbili. Mapafu yake yanaanza kujifanyia kazi yenyewe. Hizo namba za maabara nitazieleza moja baada ya nyingine, ila zote zisome ukiwa na hilo akilini.

Tuanze na CRP. Haipimi virusi, wala haipimi ni sehemu gani ya pafu iliyoharibika. Ni protini inayotengenezwa na ini. Seli za kinga zilizo kwenye mapafu zikikutana na maambukizi hutoa kemikali za kuitana, tunazoziita saitokini. Mojawapo ni IL-6, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye ini na kuliamuru litengeneze CRP kwa wingi. Waliogundua kitu hiki mwaka 1930 ni William Tillett na Thomas Francis, pale Taasisi ya Rockefeller, New York, na walikigundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kwamba kilikuwepo wakati wa homa kali, na mgonjwa alipopona kikatoweka. Karibu miaka mia imepita na bado hiyo ndiyo kazi tunayoifanyia CRP.

Kinachonifanya niipende ni mwendo wake, kwa sababu unatabirika. Maambukizi yakishika, CRP huanza kupanda baada ya saa sita hivi na kufika kileleni kwenye siku ya pili. Ikishaingia kwenye damu, nusu yake huondoka kila baada ya saa 19 hivi, na kasi hiyo ni ileile kwa mzima na kwa mgonjwa. Kwa hiyo ikiwa juu, maana yake ni moja: ini bado linatengeneza. Kama ini la mama lingesimama kabisa Jumatano asubuhi, leo asubuhi ile 138 ingekuwa imeshuka hadi 25 hivi. Imefika 112. Ini halijasimama, limepunguza kasi tu. Mwili bado uko kazini, lakini kilele umeshakipita. Ndiyo maana daktari wa wodini, akiziona 84, 138 na 112 zikifuatana, hatishwi na ile ya mwisho. Ingekuwa 112, 138, kisha 190, tungekuwa na mazungumzo mengine.

Sasa jirani yenu, Mungu amrehemu. Sikuiona karatasi yake, lakini kuna jambo ninalokutana nalo mara nyingi. Baadhi ya mashine husoma CRP kwa miligramu katika kila lita, nyingine kwa miligramu katika kila desilita. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo 14 ya karatasi hii inaweza kuwa 140 ya karatasi ile. Kipimo hicho huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa namba, pale ambapo jicho la mwenye hofu halifiki. Nimeshuhudia mgonjwa akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, ndugu zake wakilia kwamba CRP imeruka kutoka 9 hadi 95 kwa usiku mmoja, kumbe haikuwa imeruka kokote. Tazameni herufi hizo kwanza kabla ya kulinganisha.

Hata kama ilikuwa 14 ya kweli, haishangazi. Mtu anaweza kupimwa mapema mno, kabla ini halijapokea amri. Mwenye ini lililochoka huenda asiipandishe sana hata akiwa mahututi. Upande wa pili, malaria huipandisha CRP sana bila mapafu kuguswa, na unene mkubwa huiweka juu kidogo siku zote. Mama akiwa alisafiri nyumbani magharibi au Pwani wiki chache kabla ya kuugua, mwambieni daktari, hata kama kipimo cha influenza tayari kimesema ndiyo. Nairobi hatuna mbu wengi wa malaria, lakini tuna mabasi ya usiku.

Twende kwenye limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga, kwa maoni yangu namba nzito kuliko CRP katika karatasi yenu. Asilimia peke yake hupotosha, kwa hiyo piga hesabu. Asilimia 9 ya 7.8 ni 0.7, na kwa kuwa namba hizi huhesabiwa kwa maelfu, ni seli 700 katika kila tone dogo la maikrolita moja. Mtu mzima mwenye afya huwa na 1.0 hadi 4.0. Mama yuko chini. Zimeenda wapi? Nyingine zimehama kutoka kwenye damu kwenda kwenye mapafu yenyewe, ambako ndiko kazi iliko. Nyingine zimekufa, kwa kuwa mwili ulio katika taharuki hutoa homoni iitwayo kotisoli, na kotisoli haizipendi limfosaiti. Nyingine zimechelewa kutengenezwa.

Je, limfosaiti chache ni dalili ya ugonjwa mkali? Ndiyo, lakini si kisu cha kukata moja kwa moja. Mapema mwaka 2020 madaktari wa China walitoa taarifa ya wagonjwa 1,099 wa Korona. Katika kila wagonjwa 100 waliolazwa, 83 walikuwa na limfosaiti chini ya 1.5. Ukiwatenga, waliozidiwa ni 96 katika 100, na ambao hawakuzidiwa ni 80 katika 100. Ziangalie hizo mbili kwa utulivu. Tofauti ipo, lakini wengi mno wa wale ambao hawakuzidiwa nao walikuwa na limfosaiti chache. Kwa influenza nako hushuka. Ninachotaka kukiona kwa mama ni 0.7 kuwa 0.9, kisha 1.2, siku chache zijazo. Limfosaiti zinaporudi kwenye damu, huwa naanza kuzungumza na familia habari za kwenda nyumbani.

Kuna uwiano unaotajwa sana siku hizi, wa nyutrofili kwa limfosaiti. Wa mama ni 84 kwa 9, yaani tisa na ushei, ambao ni mkubwa. Lakini hapa ninasisitiza jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mipaka mingi ya uwiano huo ilichorwa China na Ulaya. Wengi wetu wenye asili ya kusini mwa Sahara tumezaliwa na nyutrofili chache kuliko hizo za vitabuni, na si ugonjwa. Inatokana na badiliko la kurithi katika alama ya seli za damu iitwayo Duffy, badiliko lilelile linaloifungia mlango malaria ya aina ya vivax. Mkenya wa namna hiyo anaweza kuzidiwa na uwiano wake ukaonekana wa wastani. Kwa hiyo ukiwa mkubwa ninauzingatia, ukiwa mdogo haunitulizi.

Limfosaiti zikiwa chini hapa kwetu pia huuliza swali jingine. HIV ambayo haijajulikana huzishusha, kifua kikuu nacho huzishusha, na vyote viwili hupandisha CRP. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linakubali CRP iliyozidi 5 itumike kuchagua ni nani kati ya watu wanaoishi na HIV achunguzwe zaidi kifua kikuu. Ombeni mama apimwe HIV kama bado, na kama kikohozi kilikuwepo wiki mbili au zaidi kabla ya homa hii, makohozi yake yapimwe TB. Si kumshuku mama. Ni kwamba virusi vya mafua mara nyingine hutuonyesha kilichokuwa kimelala.

Feritini ni ghala la madini ya chuma, nayo hupanda mwili ukiwa na moto. Hiyo 640 haitishi, viwango vinavyotutia wasiwasi huhesabiwa kwa maelfu. D-dimeri ni mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka. Kwa mtu wa miaka 61 mwenye nimonia, nyota hiyo ni ya kutarajiwa. Muulize daktari jambo moja tu: je, mama anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda akiwa kitandani? Na mguu mmoja ukivimba au maumivu ya kifua yakija ghafla, muite muuguzi papo hapo.

Sasa kwa nini watu wawili wakiambukizwa virusi vilevile nyumba moja, mmoja apone kwa chai ya tangawizi na mwingine afike wodini? Sehemu kubwa ya jibu ni wakati. Seli ya kwanza kuvamiwa hutoa intaferoni, kemikali iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni ni kama firimbi ya mlinzi wa usiku mtaani. Ikipigwa mwizi akiwa bado ukutani, majirani hufunga milango na yeye hukimbia. Ikipigwa wakati ameshaingia nyumba kumi, umati hutoka na marungu gizani, na asubuhi milango iliyovunjwa na majirani ni mingi kuliko iliyovunjwa na mwizi. CRP, feritini, nyutrofili nyingi, vyote hivyo ni kelele za umati huo. Vinakuambia watu wangapi wametoka. Mwizi yuko wapi, havisemi.

Mwaka 2020 watafiti walipata kwamba kati ya wagonjwa 987 wa Korona waliokuwa mahututi, 101 walikuwa na kingamwili zinazoishambulia intaferoni yao wenyewe, na karibu wote hao walikuwa wanaume. Miongoni mwa 663 waliougua kidogo hakuwepo hata mmoja. Baadaye jambo hilo likaonekana pia kwa baadhi ya wenye influenza kali. Mwili ulikuwa umemziba mlinzi mdomo kabla mwizi hajaja. Hiyo ndiyo alama ya kinga iliyonisisimua kuliko zote katika miaka yangu ya kazi, maana inaeleza chanzo cha ukali wenyewe, si mwangwi wake. Bado si kipimo cha kila siku wodini.

Mpe kaka yako jibu hili juu ya deksa: asinunue. Ni kweli deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga, iliokoa watu wa Korona, lakini tazama ni akina nani. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, Juni 2020, ulionyesha kwamba kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida vilipungua kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia, na dalili zilielekea kwenye madhara. Dawa ni ileile, virusi ni vilevile, tofauti ni hatua ya ugonjwa. Na hiyo ni Korona. Mama ana influenza. Kwa influenza steroidi hazijaonyesha faida hiyo, na zimehusishwa na maambukizi ya bakteria yanayokuja nyuma yake. Kama ana sukari, itapanda. Dawa ya kuuliza wodini ni oseltamivi, ambayo hupambana na virusi vya influenza vyenyewe. Muulize daktari kama ameanzishiwa na lini. Kama ana pumu au sababu nyingine ya steroidi, daktari wake ndiye atakayeamua, na atajua kipimo. Kidonge kutoka kemisti kikiingizwa wodini ndani ya mkoba wa chakula humfanya daktari asome damu isiyosema ukweli.

Hilo la damu kutosema ukweli niliwahi kufundishwa na muuguzi. Mwaka 2021 tulikuwa na mgonjwa wa Korona, mwanamume wa makamo, aliyepewa tosilizumabu, dawa inayoziba njia ya IL-6. Utafiti uleule wa RECOVERY uliipima kwa wagonjwa ambao oksijeni yao ilikuwa chini na CRP imefika 75 au zaidi, na vifo vikashuka kutoka 35 hadi 31 katika kila 100. CRP ya mgonjwa wetu ilianguka kutoka 160 hadi 30 kwa siku mbili, na sisi madaktari tukapita kitandani kwake tukiwa tumeridhika. Muuguzi wa zamu akatuita nyuma. "Huyu mzee anahema tofauti na jana," alisema. Alikuwa ameegemea nguzo ya kitanda, macho kwenye blanketi lilivyopanda na kushuka, saa mkononi, dakika nzima: 34. Bakteria walikuwa wameingia. CRP ilikuwa imeanguka kwa sababu dawa ilikuwa imeliziba ini masikio. Alipona, kwa sababu ya dakika ile moja. Tangu siku hiyo sisomi namba ya maabara kabla sijahesabu pumzi.

Kuhusu kifurushi cha vipimo vya kinga, weka fedha hizo kwa nauli na uji wa mama. IL-6 hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na majibu yakija baada ya siku mbili yanazungumzia mtu ambaye hayupo tena. Isitoshe, CRP ni kivuli chake, na hiyo mnayo tayari. Kubwa zaidi, hakuna uamuzi wa matibabu ya mama unaongoja namba hiyo. Kipimo ambacho majibu yake, yawe juu au chini, hayabadilishi kitu ni damu iliyotolewa bure. CRP ya kila siku kwa mgonjwa anayeendelea vizuri nayo haina haja, mara moja kila baada ya siku mbili inatosha.

Mnaweza kufanya kazi ya muuguzi yule. Mkienda kumwona, kaeni kimya dakika nzima mama akiwa ametulia, bila kumwambia mnachofanya, mhesabu kifua kinavyopanda. Chini ya 24 ni faraja. Ikizidi 30, ita mtu. Sikilizeni kama anamaliza sentensi. Kile kifaa cha kidoleni kitumieni, lakini mjue mambo mawili. Nairobi tuko juu ya bahari mita 1,700 hivi, kwa hiyo 94 au 95 kwa mzima wa hapa si ajabu, na 93 ya mama kwa lita mbili haiko mbali na hapo. La pili, vifaa hivyo huzidisha usomaji kwenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kifaa kikisema 92 na mama anahema kwa shida, amini kuhema.

Jambo la mwisho mlishike hata akiruhusiwa kurudi Umoja. Baada ya influenza huja kipindi cha hatari wakati homa imeshaisha na kila mtu amepumua. Bakteria, hasa numokoka na stafilokoka, hutumia njia ambazo virusi vimezichubua. Mgonjwa anakuwa nafuu siku mbili tatu, kisha homa inarudi, makohozi yanageuka mazito au yenye damu, na CRP iliyokuwa ikishuka inageuka na kupanda. Hapo ndipo CRP ina thamani ya kila shilingi. Homa ikirudi msingoje asubuhi, mrudisheni hospitali usiku huohuo, na mchukue karatasi zote tatu za wiki hii ili daktari wa zamu aone ile 112 ilitoka wapi.